Kabla ya kusimamia msimamo, nilianza na faini ya kaka yangu

Wiki mbili zilizopita kijiji chetu kilifungua shule ya sekondari. Mimi nilikuwa upande wa jikoni, chini ya mwembe, nachambua mchele na akina mama wenzangu, na hotuba zote nilizisikilizia pale kwa kipaza sauti. Akashukuriwa mbunge, akashukuriwa diwani, akashukuriwa mkandarasi, wakashukuriwa wananchi kwa kujitolea nguvu zao. Nikawa nasubiri. Mchele ukaisha, hotuba zikaisha, jina langu halikutajwa hata mara moja. Mama aliyekaa kushoto kwangu akanigusa goti, hakusema neno, akanisogezea ungo mwingine.

Iliniuma. Nasema wazi iliniuma, kwa sababu zile ekari 60 ilipojengwa shule zisingekuwa mali ya kijiji leo kama mwaka 2017 ningeweka saini yangu kwenye karatasi moja.

Usiku wa siku ile ile ukaingia ujumbe wa WhatsApp kwenye simu yangu. Ni binti wa wilaya nyingine, alichaguliwa mwenyekiti wa kitongoji kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Aliandika: “Shikamoo mama. Namba yako nimepewa na shangazi. Kasema wewe uliwahi kukataa. Mimi nimeletewa karatasi nisaini, na ndani kuna bahasha. Wenzangu wote wameshasaini. Nikikataa nabaki peke yangu. Wewe ulifanyaje?”

Nilimjibu kwa kifupi: usisaini, usilale na hiyo bahasha, kesho nitakupigia. Kesho yake tukaongea karibu saa nzima. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu. Nawaandikia na nyinyi wengine kwa sababu najua anayesoma mambo kama haya naye ana mahali anapotaka kuongoza: kama si kitongoji basi ni kikoba, ni kamati ya msikiti au ya kanisa, ni bodi ya ushirika. Mtu asiyetaka kubeba wenzake hajisumbui kusoma.

Mimi nilichaguliwa mwenyekiti wa kijiji tarehe 14 Desemba 2014. Kijiji chetu kiko mkoani Tanga, ndani kwenye michungwa, barabara ya vumbi. Kabla ya hapo nilikuwa mnunuzi mdogo wa machungwa: nanunua shambani, napakia kwenye matenga, nateremsha mpaka barabara kubwa. Pia nilikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama, na hapo ndipo watu waliponijulia, maana kila wiki hesabu zilitimia. Kampeni siisimulii, kampeni mnazijua zilivyo. Nilishinda, nikabebwa juu juu, nikaapa, na Jumatatu yake nikakuta ofisi ina meza moja, mabenchi mawili na kabati lisilofungika.

Wakati wetu mwenyekiti wa kijiji hakuwa na mshahara. Mtendaji ndiye mwajiriwa, ndiye anayelipwa, na kwetu ndiye aliyekaa na muhuri. Mwenyekiti una mdomo wako na miguu yako. Nikaamua nitaanza na miguu.

Tulikuwa na boma la madarasa mawili shule ya msingi. Utaratibu mnaujua: wananchi wanapandisha boma mpaka kwenye lenta, serikali inakuja kuezeka. Kila Jumamosi msaragambo, kila kaya itoe mtu mmoja, asiyekuja faini shilingi 5,000. Sheria hiyo ilipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kabla yangu. Saa moja kasoro mimi nilikuwa nimeshafika mtoni, kanga kiunoni, ndoo kichwani. Kutoka mtoni mpaka shuleni ni mlima. Ndoo ya lita 20 ya mchanga mbichi inaididimiza shingo mpaka unahisi mifupa inakutana, maji ya mchanga yanateremka mgongoni, na ukifika juu unamwaga taratibu juu ya maturubai, maana ukitupa tu mchanga unachanganyika na udongo na fundi anaukataa. Nilipanda mara nane, siku nyingine mara tisa. Mwenyekiti aliyenitangulia alizoea kuja na daftari la mahudhurio, anakaa kivulini. Mwezi wa kwanza tulikuwa watu 40. Mwezi wa tatu watu walikuwa wanapishana njiani kwa kubanana.

Hapo najivunia, sifichi.

Lakini kaka yangu mkubwa hakuja. Jumamosi ya kwanza alikuwa gulioni, ya pili gulioni, ya tatu sikuuliza tena. Mgambo alipokuwa anapita nyumba kwa nyumba kudai faini, alipofika njia panda ya kwa kaka aliniangalia. Nami nikamwangalia. Hakuna neno lililotoka kinywani mwangu, ila mgambo akaiacha nyumba ile akaenda ya pili yake. Hivyo ndivyo upendeleo unavyofanyika kwetu vijijini. Hauandikwi popote, hauna muhtasari, unapita kwa jicho tu.

Ukafika mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano ule unatakiwa uitwe kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi lazima isomwe. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa kitenge kipya. Tukasoma mapato, faini ikiwemo. Ndipo akasimama bibi mmoja muuza vitumbua, mtu ambaye kwenye mikutano huwa hasemi.

“Mwenyekiti, mimi siku ile nilikuwa nauguza mjukuu. Mgambo wako akachukua jembe langu, likakaa ofisini siku nne mpaka nilipopata elfu tano ya watu. Nauliza tu. Jembe la kaka yako lilikaa siku ngapi?”

Watu hawakucheka. Afadhali wangecheka. Nikajibu lile jibu la kiongozi aliyebanwa: suala hilo tumelipokea, tutalifanyia kazi. Nikaziona nyuso zinafungwa moja moja mbele yangu, na watu wale wale niliobeba nao mchanga wakaanza kuangalia chini.

Sikulala. Asubuhi nikaenda kwa kaka.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Umekuja kama dada yangu au kama mwenyekiti?”

“Nimekuja na mgambo, kaka.”

Alituangalia kwa muda mrefu. Akaingia ndani, akatoka na noti, akaitupa chini. Nikainama nikaiokota, nikamwandikia stakabadhi, nikaiweka juu ya kigoda kwa sababu hakunyoosha mkono kuipokea. Halafu nikaandika stakabadhi ya pili, jina langu mwenyewe, shilingi 5,000, kwa kosa la kumpitisha. Mkutano uliofuata nikazisoma zote mbili, namba kwa namba, nikamwomba radhi yule bibi mbele ya kijiji kizima. Tangu siku ile nikimwamkia kaka yangu haitikii. Hiyo ilikuwa mwaka 2015.

Baba yetu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kisa alichopenda kutusimulia ni cha Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Huko Shinyanga wananchi waliokuwa wamekamatwa walifia mikononi mwa watumishi wa serikali. Mwinyi hakumgusa mtu, hakuwepo hata karibu. Lakini waliofanya yale walikuwa chini ya wizara yake, na mwaka 1977 akajiuzulu. Miaka minane baadaye, 1985, akawa Rais wa nchi. Baba alikuwa anaishia hapo, anatuangalia kama anayesubiri tujibu kitu. Mimi nilikielewa kisa hiki nikiwa nimeshika ile stakabadhi ya pili. Mgambo alikuwa wangu, na jicho lililompitisha lilikuwa langu.

Wapo watakaokwambia hizo ni zama za kale. Mimi narudi nyuma zaidi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao pamoja na mengine ungewakata sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao. Watu wanakumbuka hilo tu. Wanasahau kwamba siku ile ile alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Usipoanza kujikata wewe, kumkata mwingine ni uonevu. Mimi nilianza kumkata bibi wa vitumbua. Ndiyo maana nasema kwa uchungu.

Kwa hiyo, binti yangu, jambo la kwanza: kabla hujamkatalia mkubwa yeyote, tazama nyumbani kwako. Mume wako ameshatoa mchango? Mbuzi wa baba mkwe wako wanalisha wapi? Kama kuna faini uliyoipitisha kwa jicho, kaidai leo. Siku ya kukataa jambo kubwa ikija, watu hawatasikiliza hoja zako, watakumbuka mbuzi.

Sasa nije kwenye karatasi.

Mwaka 2017, msimu wa machungwa, mtendaji alinifuata nyumbani jioni na bahasha ya kaki. Miezi kadhaa kulikuwa na maneno kwamba kuna mwekezaji anataka kujenga kiwanda cha kusindika juisi. Hapa lazima mwelewe kwetu machungwa ni nini. Msimu ukikolea, yanaiva yote kwa pamoja, bei inaanguka, mengine yanaozea chini ya mti. Ukipita shambani unasikia harufu ya chachu na nyuki wamejaa. Kiwanda ni ndoto ya kila mwenye mchungwa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwekezaji alitaka zile ekari 60 zilizotengwa tangu enzi za vijiji vya Ujamaa kwa ajili ya shule.

Ndani ya bahasha kulikuwa na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, tayari umechapwa. Kijiji kimekaa, kimejadili, kimeridhia. Mkutano huo haukuwahi kukaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila kibali cha mkutano mkuu, na ndiyo sababu walihitaji mkutano, hata wa kubuni. Nyuma yake kulikuwa na orodha ya mahudhurio, majina 214 na saini zake. Ilibaki ya mwenyekiti.

“Mama mwenyekiti, ni utaratibu tu,” akasema. “Kiwanda kikija nani atauliza?”

Na ndani ya bahasha kubwa kulikuwa na bahasha ndogo. Laki tano.

Nataka niseme hapa jambo ambalo kwenye mikutano huwa silisemi. Sikukataa palepale. Nilimwambia niachie nisome. Aliondoka, nikafunga mlango, nikazihesabu zile hela. Mwanangu wa pili alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Bati la jikoni lilikuwa linavuja. Niliziweka chini ya godoro na nikalala juu yake, nikiwa nimeshakubali moyoni, nikijiambia kwamba kiwanda ni kitu kizuri, na watu wenyewe wangeulizwa wangekubali, kwa hiyo kusaini si uongo mkubwa. Nilijibembeleza hivyo mpaka jogoo.

Alfajiri nikawasha kibatari nikasoma yale majina, moja moja. Namba 37 ilikuwa ya mama yangu mzazi, na mbele yake saini nzuri yenye mkia mrefu uliopinda.

Mama yangu hajui kusoma wala kuandika. Maisha yake yote ameweka dole gumba.

Nikatembea na ile karatasi mpaka kwake. Alikuwa anapeta maharage. Nikamwambia, “Mama, hapa wameandika jina lako, na hii ndiyo saini yako.” Akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akaishika karatasi kwa ncha za vidole. Akapitisha dole gumba lake juu ya ule mkia wa wino, taratibu, kama anayetafuta mahali pa kulibonyeza.

“Mimi nimesema nini hapa, mwanangu?”

“Umesema umekubali eneo la shule liuzwe.”

“Basi aliyesema akuambie yeye.”

Akarudi kwenye maharage yake. Na mimi nikarudi nyumbani nimeshajua nitafanya nini.

Jambo la pili, na hili nitalirudia mpaka mnichoke: soma. Usisaini usichokisoma, na ukishasoma usisaini cha uongo. Soma mpaka majina ya mahudhurio. Uongo unaandikwa kwa haraka na una namba 37 yake mahali fulani.

Bahasha nilimrudishia mtendaji ofisini saa nne asubuhi, mbele ya wajumbe wawili wa halmashauri ya kijiji, zikahesabiwa noti mbele yao. Usirudishe hela gizani. Ukirudisha gizani, kesho wataapa kwamba uliila. Siku hizi ningepiga kwanza 113, namba ya TAKUKURU, wakati ule sikuwaza hivyo. Halafu nikaandika barua ya kuitisha mkutano mkuu, nikabandika kwenye mwembe, kwenye mashine ya kusaga na mlangoni pa zahanati.

Walikuja watu ambao sijawahi kuwaona mkutanoni. Sikutoa hotuba. Nilisema, “Kuna karatasi inasema tulikutana. Naomba nisome mahudhurio.” Nikaanza namba moja. Yule mzee akajibu kutoka kwenye kivuli, “Sikuwepo.” Namba mbili, “Sikuwepo mimi.” Namba tatu alikuwa ameshahamia Handeni. Nilipofika namba ya 20 hivi watu walikuwa wanacheka, na nilipofika 30 kicheko kilikuwa kimekatika. Nikasoma 37. Mama akasimama mbele, kwenye mkeka wa akina mama. Hakusema kitu. Akanyoosha mkono juu na kuonyesha dole gumba. Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia tena kwenye mkutano wowote.

Hatukukataa kiwanda. Naomba hili lieleweke, kwa sababu lilipotoshwa miaka yote. Niliwaambia wanakijiji kwamba kiwanda tunakitaka, eneo lipo hata upande wa chini, mwekezaji aje mwenyewe tumwone, atuambie atanunua tenga kwa bei gani. Tukaazimia aje ndani ya siku 30. Hakuja. Hakuja ndani ya siku 90 wala ndani ya mwaka.

Mkutano ule wote nilipigiwa makofi. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa na jina jipya: mama aliyefukuza kiwanda.

Kila tenga lililooza msimu ule lilikuwa langu. Nikaanza kusikia kwamba nilikataa laki tano kwa sababu kuna mwingine kanipa milioni. Nikaitwa wilayani kujieleza, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa saba, nikaulizwa maswali mawili, nikaambiwa niende. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Usiku mmoja aliniambia, “Mimi najua ulichofanya ni sawa. Ila ningeomba siku moja niende dukani nisiulizwe.” Hakunilaumu tena baada ya hapo, na sikumjibu kitu, maana nami nilikuwa naomba hicho hicho.

Binti aliponiuliza, “Nikibaki peke yangu je?”, nilimwambia kweli: utabaki. Kuna kipindi utabaki. Mwaka 1989 huko Nairobi walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya wananchi. Wangari Maathai, mwanamke mtetezi wa mazingira, hakuwa na cheo serikalini, alikuwa na kalamu. Akaandika barua, akaandika nyingine. Bungeni wakamtukana, shirika lake likatolewa kwenye ofisi, kazi zikahamia nyumbani kwake. Jengo halikujengwa, na Uhuru Park ipo mpaka leo. Ukisoma habari zake sasa unaona ushindi na Tuzo ya Nobel ya 2004. Fikiria ile wiki aliyokuwa anahamisha mafaili kwenda sebuleni kwake. Hapo alikuwa hajui kama atashinda. Msimamo unapimwa wiki ile, makofi yakiwa hayapo, na anayesubiri makofi ndiyo asimame hajaanza kuongoza. Andika barua yako, weka nakala, bandika mahali watu watapita. Yaliyosemwa chumbani hayamlindi mtu.

Mwaka 2019 nilishindwa. Haikufika hata tarehe ya uchaguzi wenyewe, Novemba 24. Nilianguka kwenye kura za maoni za chama changu, kwa kura 17. Aliyenishinda alikuwa na hoja moja, kiwanda, na alikuwa na sukari. Siku mbili kabla ya kura nilikutana njiani na jirani ambaye shamba lake linapakana na zile ekari 60. Na yeye angekatiwa kipande kama ramani ya mwekezaji ingepita, nilimwonyesha mwenyewe kwenye karatasi. Alikuwa amebeba mfuko wa kilo mbili. Akaupeleka nyuma ya mgongo. Mpaka leo sijui kwa nini kile kitendo cha kuuficha kiliniuma kuliko kura yenyewe. Labda kwa sababu alijua.

Watu hupenda kumtaja Bibi Titi Mohamed kwenye sherehe, wakimtaja kwa nyimbo na vigelegele vya TANU, alivyowakusanya wanawake tangu 1955. Mimi namkumbuka zaidi mwaka 1967. Azimio la Arusha lilipopiga marufuku kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, yeye alikuwa nazo, na hakuafiki. Wengine wangeziandikisha kwa jina la mpwa na kuendelea kupiga makofi kwenye vikao. Yeye akajiuzulu kwenye Kamati Kuu. Baadaye akapata kesi ya uhaini, akafungwa, akaachiwa 1972, akaishi kimya miaka mingi. Mimi kwa moyo wangu niko upande wa miiko ya Azimio, na bado namheshimu, kwa sababu alichokiamini alikisema mchana. Leo magari ya Dar es Salaam yanapita kwenye barabara yenye jina lake. Viongozi wangapi leo hawakubaliani na jambo, na wanalisaini? Wangapi wanatuambia tubane matumizi huku msafara wao haupunguzi gari hata moja? Wangapi wanahimiza shule za kata na watoto wao hawajui rangi ya sare zake? Tunataka watoto wetu waamini nini wanapotuona hivyo? Mtoto hasikilizi hotuba, anatazama miguu ya mama yake inakokwenda.

Nikisema hivyo inabidi niseme na yangu yaliyofuata.

Baada ya kushindwa, niliacha kwenda msaragambo. Mwaka mzima. Nilikuwa natuma kijana na elfu mbili mkononi abebe kwa niaba yangu. Nikipita shuleni nageuza uso. Salamu za watu nilikuwa nazijibu nusu. Nilijiambia wamechagua sukari, basi wabebe mchanga na sukari yao. Nilijiona nina haki kabisa, na marafiki zangu wote waliniunga mkono, hakuna aliyeniambia vinginevyo.

Ila mama. Alikuja kwangu asubuhi ya Jumamosi, akanikuta nimekaa barazani na chai, na ngoma ya kuita watu ilikuwa inalia. Akakaa. Akaisikiliza ngoma kidogo.

“Mwanangu, ule mchanga uliokuwa unabeba, ulikuwa wa shule au wa kiti?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilichukua ndoo. Nilipofika mtoni watu walinyamaza, kisha yule bibi wa vitumbua, mzee vile na mgongo umepinda, akasogea pembeni kunipa nafasi ya kuchota. Nilipanda mara nne tu siku ile, miguu ilikuwa imesahau mlima. Hili ndilo nililomwambia binti kwa mkazo kuliko yote, na akanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika: mfano wako si wa kipindi cha miaka mitano. Wakikutoa, endelea kubeba. Soma kabla ya kusaini ukiwa na cheo, na soma ukiwa huna. Anza na nyumba yako ukiwa na cheo, na anza nayo ukiwa huna. Sema mchana.

Serikali ilipokuja kutafuta eneo la sekondari ya kata, eneo lilikuwepo, halina mgogoro, lina mipaka. Boma la mwanzo tulipandisha sisi. Mchanga ni wa mto ule ule.

Jana binti ameniandikia tena. Amewarudishia bahasha mbele ya wajumbe watatu, na sasa mjomba wa mumewe hasemi naye, na mmoja wa wale wajumbe ameshaanza kumkwepa. Anauliza hali hiyo huchukua muda gani. Nimemwambia mimi kwa kaka yangu imechukua miaka na bado nahesabu, na nikamwambia asiache kumwamkia huyo mjomba kila siku, hata asipoitikiwa.

Jumamosi hii tunachimba shimo la choo cha walimu pale sekondari, kuanzia saa moja. Jioni hii nilipokuwa naanua nguo, kaka alipita njiani na baiskeli. Nikamwamkia kama kawaida. Hakuitikia, ila alisimama, mguu mmoja chini, akauliza huku anaangalia mbele, “Udongo wa pale ni mgumu?”

Nikamwambia ni mgumu, una mawe.

Akasema atakuja na sururu.